Kivuli Kisicho na Mti

Kivuli kiliingia chumbani saa sita mchana, na mti wake haukuwapo.

Brashi alikiona akiwa mlangoni, ndoo ya maji mkononi. Kilikuwa kimetanda ukutani juu ya kitanda cha mwanawe: matawi, majani, vijiti vidogo vidogo vikitikisika kana kwamba upepo unavipapasa. Upepo haukuwapo. Dirisha la chumba kile lilitazama ukuta wa jirani, na bati la juu lilikuwa likilia kwa joto kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Brashi alitoka nje akaangalia. Mtaa mzima ulikuwa mweupe kwa jua. Pale kwenye kona, ambapo mpaka juzijuzi palisimama mti mkubwa kuliko nyumba zote za mtaa, palikuwa na kisiki, na kando ya kisiki kibao: MAEGESHO YA MAGARI YANAJENGWA. SAMAHANI KWA USUMBUFU.

Akarudi ndani. Kivuli kipo.

"Mh," akasema, akatua ndoo.

Mtu mwingine angepiga yowe la kukusanya mtaa. Yeye aliguna tu, kwa sababu Brashi alikuwa na miaka mingi hajashtuka kwa lolote. Aliajiriwa na idara ya miti ya jiji, na kazi yake, iliyompa hilo jina la Brashi, ilikuwa kupaka rangi: mduara mweupe kwa mti unaobaki, X nyekundu kwa mti unaokatwa. Mduara mweupe aliupaka mara ya mwisho lini, hakumbuki. Idara ya miti ambayo shughuli yake kubwa ni kuangusha miti! Ni sawa na kumpa paka zamu ya kulinda maziwa, halafu ukamshonea na sare. Mwanzoni kila X ilimkata maini, akirudi nyumbani chakula hakipiti. Baadaye kikawa kinapita. Moyo nao huota sugu, kama kiganja.

Nyumbani walikuwa watatu. Yeye, mama mkwe wake, na binti yake ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kufunga. Baba wa mtoto alikwishafariki, na wale wanawake wawili waliobaki hawakuwa na kingine cha kugombania wala cha kupendea ila huyo Chiriku.

"Mama! Mama, njoo uone, chumba chetu kina kiyoyozi!" Chiriku alirukia kitandani, akalala chali chini ya kile kivuli. "Kwa akina jirani kunachoma, kwetu kama ndani ya friji. Mama, nani katuletea? Tunalipia? Tukilipia usiwaambie, watakuja kujazana. Bibi, njoo ulale hapa, miguu yako itapona!"

Bibi alifika kizingitini, akanusa. Hakuingia.

"Utomvu," alisema polepole. "Mwanangu, huku ndani kunanuka utomvu mbichi. Umeleta nini kutoka kazini?"

Brashi alitazama mkono wake wa kulia. Rangi nyekundu ilikuwa bado kwenye mikunjo ya vidole, mbichi, kama aliyeishika asubuhi ile. Alikuwa akiinawa kila siku tangu siku ile ya mti wa kona. Na brashi yenyewe, iliyotundikwa nyuma ya mlango, ilikuwa bado inadondosha.

Watu wa msumeno wana mila yao ambayo haimo kwenye mwongozo wowote wa kazi. Ukishapaka X, unageuza brashi, unagonga shina mara tatu kwa mpini, unasema: "Wenye nyumba, hameni." Kisha mti unaachwa wiki nzima. Ndege wana makinda, nyuki wana malkia, na wapo wengine ambao hawatajwi. Wenyewe huiita notisi. Hata mkata miti wao, aliyeitwa Msumeno, mtu wa mizaha asiyeheshimu kitu chini ya jua, hakuwahi kuwasha mashine kabla ya wiki kwisha.

Mti wa kona haukupewa notisi. Mkuu wa idara alikuja mwenyewe, akateremsha kioo cha gari kiasi cha kupitisha sauti tu, baridi ya ndani isimtoroke.

"Mnasubiri nini?"

"Notisi, mkuu," Msumeno alijibu.

"Notisi! Huo mti una mkataba na nani? Kata leo. Mwenye maegesho ana haraka."

Akacheka, nao wakacheka, kwa sababu kicheko cha bosi hakiachwi peke yake. Brashi alipaka X asubuhi, hakugonga. Mchana mti ulikuwa chini na rangi haijakauka.

*

Ilianza kwa mlio. Kila jua likisimama utosini, juu ya dari kulisikika kitu kizito kikijiweka sawa, kama tawi linaloelemewa. Kisha majani yakavuma, ndani ya chumba kilichofungwa. Kisha harufu ile ya utomvu ikashuka mpaka kwenye mito, kwenye sare za shule, kwenye chai. Bibi alihamishia godoro lake sebuleni. Chiriku alikataa kuhama, na kila alipotoka shule alikwenda moja kwa moja kulala chini ya kivuli, na kila siku alikuwa na maneno machache kuliko jana, mpaka Bibi akaanza kumchokoza makusudi ili abishane, naye hakubishana.

Siku moja Brashi aliona matone ya damu sakafuni. Yalitoka mlangoni, yakazunguka meza, yakaenda chumbani, yakarudi. Aliyafuata. Chiriku alikuwa amesimama dirishani, na katika unyayo wake wa kushoto ulikuwa umezama msumari, wote, mpaka kichwa. Mtoto alikuwa ametembea nao nyumba nzima.

"Keti," Brashi alisema. Akauchomoa. Mtoto hakupepesa jicho. "Huumwi?"

"Nini?" Chiriku aliuliza.

Brashi alimfinya kwenye shavu la mguu. Akamfinya gotini. Ganzi tupu, kama anafinya gome. Akatazama ile miguu midogo, na badala ya kulia, macho yake yakabaki makavu. Alijua tu, kwa namna mtu anavyojua kwamba nje kunanyesha, kwamba mwanawe anaondoka kwa kuanzia chini.

Walipokwenda kumwogesha, Bibi alimvua mtoto kigauni, kisha akaurudisha mkono kama aliyeungua.

"Mama Chiriku," alinong'ona. "Njoo. Njoo polepole, usimshtue."

Mgongoni pa mtoto, kutoka bega hadi kiuno, palikuwa na X nyekundu. Mbichi. Na wakati wawili wale wakiitazama, wakishikana mikono bila kujua kwamba wameshikana, kwenye dari, na mchana kweupe, kukagongwa mara tatu.

*

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani minene, aliyekaa ghorofa ya tatu, juu ya duka la kutoa nakala. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa zamani, kwa hiyo Brashi alimbeba Chiriku mgongoni, na Bibi akapanda nyuma akihema na kumtukana fundi wa lifti na ukoo wake. Mganga aliwasha ubani, akamfunua mtoto mgongo, akasikiliza habari ya mti wa kona tangu mwanzo mpaka mwisho. Kisha akavua miwani, akaifuta.

"Huyu hana kosa," alisema.

"Hana kosa!" Bibi alifoka. "Mjukuu wangu anageuka gogo, wewe unamtetea jini?"

"Punguza sauti, mama. Anasikia." Mganga alielekeza kidevu ukutani. Kivuli cha majani kilikuwa kimewafuata, kimetulia juu ya rafu ya chupa. "Ninyi mlimvunjia nyumba bila notisi. Yeye anataka kuhamia, na amewapa notisi. Amepaka, amegonga, anasubiri wiki. Mwenye adabu hapa nani?"



"Mfukuze tu," Brashi alisema kwa sauti isiyo na kitu ndani yake.

"Nimfukuzie wapi? Mtaani kwenu umebaki mti gani? Jini akikosa mti humkalia mtu. Nikimtoa kwa huyu ataingia kwa mtoto wa jirani, na hiyo si tiba, huo ni uhamisho." Akavaa miwani. "Anataka mti wenye mizizi ardhini. Hata mche. Akiona mche uliopandwa kwa nia, atakubali kuungoja. Lakini msimdanganye. Jini aliyedanganywa mara mbili hasikilizi mganga."

Brashi alikumbuka hapo hapo. Siku ya mwisho ya notisi hiyo, jiji lingekuwa na uzinduzi wa Msitu wa Vizazi Vijavyo, kwenye kiwanja kikavu nyuma ya soko. Mashimo yalikuwa yamechimbwa tayari. Miche ingejaa kiwanja kizima.

"Tunao msitu," alisema.

*

Basi msitu ukapandwa. Mahema yalisimamishwa, viti vikavalishwa vitambaa, vipaza sauti vikapiga mluzi. Mkuu wa idara alisema dunia inaungua, vizazi vijavyo vitatuuliza, mti mmoja ni pumzi ya watu kadhaa. Yote kweli! Hakukuwa na uongo hata mmoja katika hotuba ile, na hilo ndilo la kutia kichefuchefu. Kila aliyeshika koleo alishikiwa kamera. Brashi alikuwa pembeni, amepangiwa kupaka chokaa mawe ya kuzungushia kiwanja. Aliona miche ikiteremshwa mashimoni, mikono safi ikisukumia udongo. Jua lilipofika utosini simu yake ikaita.

"Mama!" Alikuwa Chiriku. "Mama, miguu inaniwasha! Inawasha kama imejaa sisimizi! Mganga kaja nyumbani, kaongea na ukuta, kamwambia 'nenda kaone,' kivuli kikatoka dirishani, bibi anacheza, mama, bibi anacheza vibaya! Na kidonda kinauma, kinauma sana, nani alinichoma msumari?"

"Nakuja," Brashi alisema. Kitu kilimgusa kifuani kwa mbali, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya pili.

Mahema yakakunjwa, magari yakaondoka. Lori la idara likaingia kiwanjani kinyumenyume, na Msumeno akashuka, akaushika mche wa kwanza shingoni, akauvuta. Ukatoka mzima kama jino bovu. Mizizi yake ilikuwa ndani ya kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kitaluni; haikuwa imegusa udongo.

"Unafanya nini?" Brashi aliuliza.

"Napakia, dada. Hii ni miche ya picha. Kesho inakwenda uzinduzi mwingine." Akautupa kwenye lori. "Amri ya mkuu: viriba visichanwe, ili kung'oa kuwe rahisi. Hukujua? Msitu huu umesafiri kuliko mimi. Ungekuwa na pasipoti, ingekuwa imejaa."

Alicheka peke yake, kisha akanyamaza, kwa sababu uso wa Brashi haukuwa umebadilika hata kidogo, na macho yake yalikuwa yakitazama nyuma ya mabega ya Msumeno. Kiwanjani, penye jua kali lisilo na kizuizi chochote, kivuli cha mti mkubwa kilikuwa kimetanda chini. Kilipita shimo hadi shimo, polepole, kama mtu anayefungua milango ya nyumba aliyoahidiwa na kukuta kila chumba kitupu.

Simu ikaita. Bibi alinong'ona, "Amenyamaza. Katikati ya neno. Mwanangu, na kifua sasa. Nimegusa kifua, kigumu."

*

Brashi hakukimbia kwenda nyumbani. Alipanda kwenye lori, akachukua mche mmoja, akakichana kiriba chake kwa meno, akatema plastiki, akapiga magoti kwenye shimo la katikati akautia ule mche na udongo wake, akafukia kwa viganja, akaushindilia kwa ngumi, na wakati wote ule alihisi baridi ikimpanda visigino kwa nyuma, harufu ya utomvu ikimjaa kooni mpaka akashindwa kuvuta hewa bila kuimeza, majani yakivuma masikioni mwake kama watu wengi wanaonong'ona mbele ya mlango wa hakimu, na Msumeno, yule asiyeheshimu kitu, akirudi kinyumenyume huku akisema, "Dada, usigeuke, dada yangu, chochote utakachosikia usigeuke," naye akageuka.

Hakuona sura. Aliona tu kwamba jua lote limezuiwa, na kilicholizuia kinamtazama.

"Nyumba yako hii," alisema, akiuonyesha ule mche uliokuwa na majani ya kuhesabika. "Ni ndogo. Itakua. Mpaka itoe kivuli, kaa kwangu. Muache mtoto."

Brashi yake ilikuwa ndani ya ndoo ya chokaa, na bado ilikuwa nyekundu. Aliichukua, akajipaka X kifuani, juu ya sare ya idara. Akaigeuza. Akajigonga mara tatu kwa mpini.

"Mwenye nyumba," alisema, "ameshahama."

Ganzi ilimwingia kwa miguu, ikapanda taratibu, haikuumiza. Alichogundua, na hicho ndicho kilichomtia hofu ya kweli, ni kwamba haikukuta kazi kubwa. Karibu vyumba vyote vilikuwa vitupu siku nyingi.

Alipopokea simu ilipoita, Chiriku alikuwa akiendelea na neno lile lile alilokatishwa.

*

Wanaopita nyuma ya soko walianza kumzoea: mwanamke anayesimama kando ya mche kila adhuhuri, akiumwagilia kwa kopo. Msumeno ndiye aliyeleta mche wa pili, kisha wa tatu, akavichana viriba mwenyewe, akagombana na kitalu, akaitwa ofisini, akarudi na miche mingine. "Nimekata ya kutosha," alisema tu. Wauza soko wakachanga ndoo. Chiriku alikuja baada ya shule, akaipa miche majina na kuisimulia habari za darasani, na miche haikuwa na pa kukimbilia.

Brashi hakusikia chumvi kwenye chakula. Alishika sufuria ya moto akaona tu ngozi ikibabuka. Mwanawe alipomkumbatia, alijua kwa kutazama. Na ajabu moja: aliposimama pale kiwanjani, chini yake palikuwa na kivuli kipana kuliko mwili wake, chenye majani. Watu waliona ubaridi, hawakuuliza. Walikuja kupumzika, lakini Brashi aliwainua mapema. "Ondokeni," aliwaambia, "mtakufa ganzi." Walidhani ni mzaha.

Mche wake ulipomfikia kiunoni, gari la mkuu wa idara likasimama kando ya mawe meupe. Mkuu alishuka akiwa na karatasi za ramani.

"Wewe si yule mpaka rangi wetu? Vizuri. Maegesho ya kona yameshajaa, tunapanua. Hapa." Akauzungusha mkono juu ya miche yote. "Njoo na rangi kesho asubuhi. Lori litakuja mchana."

"Na notisi, mkuu?"

"Mmeanza tena na notisi yenu!" Alicheka. Safari hii hapakuwa na wa kumsaidia.

Brashi aliutazama mche. Ukitoka ule, mgeni wake atakosa pa kungojea, na mgeni huyo anaijua njia ya chumba cha Chiriku. Aliwaza hayo bila moyo kudunda, kwa kuwa kudunda kulikwishakoma.

"Jua kali, mkuu," alisema. "Pumzika kidogo."

Mkuu alijifuta jasho. Akatazama kile kivuli kilichokuwa kimemwagika miguuni mwa Brashi, akatazama juu kutafuta mti wake, akakata tamaa ya kuutafuta. Akaketi. Akavua viatu, akavua na soksi, akanyoosha miguu.

"Aaah. Pazuri hapa, jamani. Kama ofisini."

"Karibu sana."

"Nini hicho mgongoni? Umenimwagia maji?"

"Utomvu tu, mkuu." Brashi aliirudisha brashi, bado nyekundu, kwenye ndoo. Kisha akaitoa tena, akaigeuza, na kwa mpini akaligonga bega la mkuu. Mara tatu, kwa adabu.

Majani yakavuma. Mkuu alicheza vidole vya miguu, akakunja uso, akavitazama kama vya mtu mwingine.

"Mguu umekufa ganzi," alisema. "Ajabu."

Hapo ndipo sisimizi alipopanda kisigino cha Brashi, akamng'ata. Akasikia. Kidogo sana, kwa mbali, lakini akasikia, na maumivu yale yakamtoa machozi ambayo hakuyatoa tangu aliposhika brashi kwa mara ya kwanza. Alijifuta kwa kiganja chake cha kulia. Rangi ilikuwa imekauka.

"Kaa tu, mkuu," alisema. "Una wiki nzima."